Simu, Ungo na Milima ya Umatengo

Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliingia katika ghuba ya Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, ikaifyatulia mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alitoka na mashua huku amefura kwa hasira, akitaka kujua rafiki yake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, amepatwa na wazimu gani. Hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa telegrafu ilikuwa imekwisha kutangaza, lakini Liuli haikuwa imefikiwa na neno.

Historia yote ya mawasiliano ya Mbinga na mwambao wa Nyasa naiona katika asubuhi ile. Habari hufika pale ambapo mtu mwenye waya ameona faida ya kuufikisha.

Kwa miaka mingi mwenye waya alikuwa mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nalo, na Tanzania ikaunda lake. Shirika hilo liliuza simu na papo hapo likazisimamia, mchezaji na mwamuzi katika jezi moja. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyolipasua: TTCL ikabaki na simu, Posta ikaenda zake, na Tume ya Mawasiliano ikashika filimbi. Redio na televisheni zilipewa tume yake ya pekee. Televisheni yenyewe ilikuwa ngeni Tanzania Bara, kwani ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na picha za rangi tangu miaka ya 1970.

Ukuta kati ya simu na televisheni haukuwa wetu peke yetu. Marekani, sheria ya mwaka 1984 ilizikataza kampuni za simu kuuza televisheni ya kebo katika maeneo zilikohudumia, na zuio hilo liliondolewa mwaka 1996. Hapa ukuta ulidumu muongo mmoja tu. Sheria ya mwaka 2003 iliziunganisha tume mbili zikawa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Ushindani. Februari 2005 ukiritimba wa TTCL katika simu za mezani ulikwisha, leseni mpya zikaja kwa mafungu manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi na maudhui. Leseni haikuuliza tena kama umebeba sauti au picha, kwa waya, kwa kebo au kwa mnara. Kwangu hiyo ndiyo hatua ya kijasiri kuliko zote katika historia hii.

Matunda yake yalionekana kwanza kwenye simu. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, ndiyo maana watu walitembea na laini mbili, tatu. Gharama ambayo kampuni hulipana kwa kupokeleana simu ilishushwa mwaka 2013 kutoka shilingi 112 kwa dakika hadi 34.92, na ilipofika mwaka 2022 ilikuwa shilingi 2. Tangu Machi 2017 mteja anaweza pia kuhama mtandao akabaki na namba yake. Lakini kuhama kunahitaji pa kuhamia. Penye mnara wa kampuni moja, haki hiyo ni ya karatasi.

Upande wa televisheni kosa lilikuwa zito zaidi. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na mitambo ya dijitali ya ardhini ikajengwa kwanza mijini. Mawimbi yake hayapandi milima. Umatengo unaposhuka ghafla kuelekea ziwani, aliye nyuma ya mlima hutegemea ungo wa setilaiti. Agosti 2018 TCRA ilizibana Azam, DStv na Zuku kwa kubeba chaneli za bure ilhali leseni zao ni za kulipia. Hoja ilikuwa na haki yake: chaneli ya bure isifungwe kwa sababu malipo ya mwezi yamekwisha. Chaneli zikaondolewa. Wa mjini alinunua king'amuzi kingine, ila mwenye ungo pasipofika mawimbi ya ardhini alipoteza taarifa ya habari. Baadaye chaneli zilirudi, lakini kanuni ile ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeitazama nchi kutoka Dar es Salaam.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umeugeuza ushindani wenyewe: kampuni hushindania ruzuku ya kwenda pasipo na faida. Mei 2023 zilisainiwa kandarasi za minara 758 katika kata 713 nchini. Naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja. Mnara uliosimamishwa kwa fedha za umma uwe wazi kwa kila kampuni itakayotaka kufunga antena zake. Siku hizi mnara huohuo ndio televisheni: picha huja kwa bando. Kampuni moja ikibaki nao peke yake, ndiyo itakayoamua bei ya simu ya mvuvi wa usipa anayetafuta mnunuzi Mbinga, na pia bei ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku pale Liuli.