Ile leseni ya gari ilikwenda wapi?



Wiki iliyopita nilimsindikiza mzee wangu kukata bima ya gari. Bima ndogo tu. Haikuchukua hata robo saa, ujumbe ukaingia kwenye simu yake, kazi imekwisha. Mzee akatazama kioo cha mbele cha Corolla yake, akacheka peke yake: "Hapa zamani palikuwa na karatasi tatu."

Mlioanza kuendesha juzi juzi hamzikumbuki. Kulikuwa na stika ya bima, stika ya Nenda kwa Usalama, na ile ya ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo mtaani tuliiita rodi laisensi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiwanyima watu usingizi.

Asili yake ni kwa Mwingereza. Kule, tangu Januari 1, 1921, kila gari lilitakiwa kubandika kioni karatasi ya duara kuonyesha kodi ya mwaka imelipwa. Mwaka 1960 wakaongeza ukaguzi wa lazima wa magari yaliyofikisha miaka kumi: breki, taa, usukani. Kufikia 1967 gari la miaka mitatu tu lilikuwa linakaguliwa, na mwaka 1991 wakaanza kupima na moshi. Ukienda kulipia karatasi yako unaonyesha cheti cha ukaguzi na cheti cha bima. Huna kimojawapo, rudi nyumbani. Karatasi yenyewe waliifuta Oktoba 1, 2014, kompyuta zikachukua nafasi yake, lakini ukaguzi upo mpaka leo.

Sisi tuliotawaliwa nao hadi 1961 tulirithi utaratibu wa kulipa kila mwaka. Bima ya lazima nayo tukairithi. Ila kile kipimo cha moshi hakikuwahi kuwa sharti la kulipia leseni ya gari lako la nyumbani. Ukaguzi ulibaki kazi ya trafiki, na hasa ile wiki ya Nenda kwa Usalama. Ukiwa na pesa ulipata leseni, hata kama gari lako linafuka kama tanuri la mkaa.

Nirudi kwa mzee. Corolla yake iliharibika injini mwaka 2011, akaipandisha juu ya matofali uani. Kuku wakataga humo. Alidhani gari lisilotembea halidaiwi. Kumbe ada ilikuwa inahesabiwa kwa gari lililosajiliwa, liwe barabarani au liwe banda la kuku! Kila mwaka deni likaongezeka, na faini juu yake. Alipopata pesa ya injini, deni likawa limeshamzidi. Nakumbuka mama akimwambia aliuze kwa kilo, naye akanyamaza siku nzima.

Basi, Juni 8, 2017, Waziri wa Fedha Dk. Philip Mpango akasimama bungeni Dodoma na bajeti. Ada ya mwaka ya leseni ya magari inafutwa, na madeni ya nyuma yanasamehewa. Mzee alinipigia simu usiku, sauti yake kama ya mtu aliyetoka mahabusu.

Lakini pesa ya serikali haifutwi hivi hivi. Siku hiyo hiyo ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa shilingi 40 kwa lita. Wakenya walishafanya jambo la namna hiyo mwaka 2006, wakaiweka kwenye tozo ya barabara. Mantiki ya petroli naikubali kabisa: anayetembea sana alipe sana, na gari lililo juu ya matofali lisilipe kitu.

Mafuta ya taa je? Sababu ilikuwa uchakachuaji. Wajanja walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, ndiyo maana mwaka 2011 ushuru wake ulirushwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita. Ukiongeza kwenye dizeli, lazima uongeze na huku. Naielewa hesabu hiyo. Ila mwaka 2017 mimi nilikuwa chuo, nimepanga chumba, napikia jiko la mchina. Bibi yangu kijijini alikuwa anawasha kibatari. Sisi wawili hatukuwa na hata baiskeli, na tukawa tunachangia leseni za magari ya watu kila tulipokwenda dukani na chupa.

Mzee nilipomweleza hivyo alikasirika kidogo. "Ulitaka niendelee kudaiwa?" Sikuwa na jibu.

Tulipomaliza bima tulirudi nyumbani na Corolla. Njiani tulisimamishwa mara mbili, bima ikaangaliwa kwenye simu, ikaonekana, tukaruhusiwa. Nyuma yetu bodaboda mmoja alikuwa ameziba pua kwa kola ya shati, maana gari la mzee linatoa moshi mweusi tii.

Nimemwambia ampelekee fundi mwisho wa mwezi. Anasema mbona hakuna anayeuliza.