Miaka 100 ya pawa steringi: usukani ulipimwa kwa mkono wa nani?

Mwaka 2026 pawa steringi ya haidroliki inatimiza miaka 100. Munisagara, wilayani Kilosa, ni mahali pa ajabu pa kuikumbukia, maana chombo kilicholifungua bonde la Mkondoa tangu enzi za Wajerumani ni treni, nayo haina usukani. Dereva wake hushughulika na mwendo na breki. Njia imekwishaamuliwa na reli. Waliotesekea usukani ni wenzake wa malori, na kisa kinaanzia kwao.

Francis Davis alikuwa mhandisi wa malori katika kiwanda cha Pierce-Arrow, Marekani. Aliona jinsi usukani wa lori zito unavyomchosha dereva, akaacha kazi na kukodi karakana Waltham, karibu na Boston. Mwaka 1926 aliendesha gari lake lenye usukani wa haidroliki hadi Detroit, akawaonyesha wakubwa. General Motors wakaingia naye mkataba. Kisha uchumi ukaanguka, na mwaka 1934 wakauvunja, wakidai gharama ni kubwa mno kwa magari machache yatakayouzika. Davis akahamia kwa Bendix, na Vita vya Pili vya Dunia vikamwokoa: magari ya deraya yalikuwa mazito mno kwa mikono mitupu. Halafu mwaka 1951 Chrysler ikatoa gari la Imperial lenye usukani uliojengwa juu ya hataza za Davis zilizokwisha muda. General Motors, waliomtosa, wakamkimbilia upya. Mimi naona walistahili kuaibika zaidi.

Ila usukani ule wa Chrysler ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Dereva hakujua matairi yanafanya nini. Hapo ndipo wahandisi walipojifunza kupima ladha ya mkono. Ndani ya mtambo mna fimbo nyembamba ya chuma inayojipinda unapokata kona na kufungua njia ya mafuta. Ikiwa nene, usukani unakuwa mzito na barabara unaisikia. Ikiwa nyembamba, unazunguka kama maji. Mwaka 1970 Citroën, kwa gari la SM, ikafanya usukani uongezeke uzito kadiri mwendo unavyopanda.

Huku kwetu, ladha haikuulizwa. Waziri mkuu Ian Smith alipoitangazia Rhodesia uhuru wake Novemba 11, 1965, mafuta ya Zambia hayakuweza tena kupita huko, yakalazimika kupita Tanzania kwa barabara. Mapipa ya petroli yakapanda, shaba ikashuka, kupitia Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla. Wazungu waliita njia hiyo Hell Run. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat. Kwenye vumbi na makorongo, dereva mzoefu hakupitisha dole gumba ndani ya usukani: gurudumu likigonga jiwe, usukani huruka na kukuvunja kidole. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja 1968, lami na reli ya TAZARA baadaye, na wale madereva hatujawapa heshima yao.

Suzuki ilileta usukani wa mota ya umeme mwaka 1988. Leo Vitz na IST zinazoshuka Mikumi hadi Kilosa zina mota ya aina hiyo, na uzito wa usukani hupangwa na kompyuta. Huchuja mitikisiko vizuri mno, hata tairodi iliyolika huchelewa kusikika mkononi. Kwa barabara za huku, heri fundi aikague akiwa chini ya gari.