Faiba Haipendi Baridi: Historia Fupi ya Boti Unayotaka Kuitengeneza Nyumbani

Kila mwaka ifikapo Juni, ukungu unapoanza kulala juu ya migomba ya Ngujini, naulizwa swali lilelile. Mtu ana boti kuukuu ya faiba. Ameinunua kwa bei nafuu kutoka Pwani, au ameachiwa na ndugu aliyekuwa akivua bwawa la Nyumba ya Mungu. Ameipandisha mlimani kwa lori lililoshusha ndizi sokoni na lilikuwa linarudi tupu, maana kuiacha ufukweni bila mlinzi ni kuigawa vipande vipande. Ameshanunua resini, mkeka wa faiba na ile chupa ndogo ya dawa ya kugandisha. Anataka kujua aanze lini.

Mimi humjibu: subiri. Wengi hukasirika, na wana haki, kwa sababu miezi ya baridi ndiyo wanayopata nafasi baada ya kazi za masika. Basi leo nieleze kwa nini nasema hivyo, na nianzie mbali kidogo, kwa sababu ukiijua historia ya kitu hiki hutahitaji kukariri masharti yake.

Zamani chombo cha majini katika eneo letu kilikuwa mtumbwi wa gogo, wa kuchongwa kwa tezo. Ziwa Jipe lilikuwa na yake, na mito ya Ruvu na Kikuletwa pia. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ikajenga ukuta pale chini ya makutano ya mito hiyo miwili, maji yakafunika nyika, tukapata bwawa la Nyumba ya Mungu. Kituo chake cha umeme cha megawati 8 kilianza kazi mwaka 1968. Lakini kwa watu wengi habari kubwa haikuwa umeme, ilikuwa perege. Wavuvi walikuja kutoka kila upande, na mwaka 1970 samaki waliovuliwa walizidi tani 20,000. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka, na hayajarudi tena kwenye kiwango kile.

Samaki walipungua, na miti nayo ikawa adimu. Mkulo, ambao ni mti mkubwa wenye mbao zinazostahimili maji, ulikatwa sana katika misitu ya milima hii. Iliyobaki Kindoroko na Chome imo ndani ya hifadhi, na anayeingia huko na msumeno anajua anachokitafuta. Ukitaka chombo cha mbao leo, unanunua mbao za kupasuliwa kwa bei ya dukani, kisha kila mwaka unakalafati nyufa kwa pamba na mafuta. Ndiyo maana mtu akisikia kuna boti isiyooza na isiyotaka kalafati, anauza mbuzi.

Faiba yenyewe ilizaliwa katika joto kali. Mwaka 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois huko Ohio, Marekani, kijana aitwaye Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha vipande vya kioo kwa kupuliza kioo kilichoyeyuka. Hewa ya mgandamizo ikakirusha kile kioo kikawa nyuzi nyembamba kama pamba. Bosi wake, Games Slayter, akaona faida pale ambapo mwingine angeona uchafu, na mwaka 1938 ikaanzishwa kampuni ya Owens-Corning kutengeneza nyuzi hizo. Peke yake pamba ya kioo haibebi mtu majini. Ilihitaji gundi, na gundi hiyo ni resini ya poliesta, iliyotokana na kazi za mkemia Carleton Ellis katika miaka hiyohiyo ya 1930. Mwaka 1942, katika mji wa Toledo, mjenzi wa boti aitwaye Ray Greene akaviunganisha vitu hivyo viwili na kupata mashua ndogo.

Sehemu ya historia inayokuhusu wewe wa Ngujini ni hii: resini za mwanzo hazikukauka zenyewe, zilipikwa kwa joto kama matofali. Baadaye wataalamu wakapata njia ya kuzigandisha bila tanuri, kwa kuongeza dawa mbili. Moja, ya kobalti, siku hizi kwa kawaida huwa imeshachanganywa kiwandani ndani ya resini yenyewe. Nyingine ndiyo ile ya chupa ndogo iliyoandikwa MEKP. Zikikutana, joto linazalishwa ndani ya resini, na joto hilo ndilo linaloigandisha. Kwa hiyo tanuri halikuondolewa, lilihamishiwa ndani ya kopo lako. Hewa ya nje ikiwa na baridi inayanyonya yale machache yanayozalishwa, na kazi inaishia njiani.

Watu husema resini "inakauka", na neno hilo limewapotosha wengi. Rangi ya maji hukauka, maana maji yanatoka. Resini haikauki, inaganda. Ukiianika kwenye upepo mkali wa Julai hujaisaidia hata kidogo, umeipooza.

Kuhusu boti kuukuu, usiidharau kwa umri wake. Wajenzi wa miaka ya 1950 hawakuiamini faiba, wakajenga kuta nene kupita kiasi, na baadhi ya vyombo vyao viko majini hadi leo. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, resini nayo, kwa kuwa inatokana na mafuta, ikapanda, na viwanda vikaanza kubana unene. Hivyo boti ya zamani yaweza kuwa nzima kuliko mpya. Igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Sauti kali ni uzima. Sauti ya bubu, kama unagonga papai lililoiva, maana yake tabaka zimeachana au kuna maji ndani. Gonga zaidi pale nyuma inapofungwa injini, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna plaiwudi, na plaiwudi huoza kimyakimya ikiwa imefunikwa na faiba inayong'aa. Toboa kitundu kidogo kwa keki: ukitoka unga mweusi wenye maji, punguza bei au ondoka.

Sasa niseme kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, kikundi kimoja cha hapa milimani kilichokopa fedha kununua boti kiliniita. Ubavu wake ulikuwa na ufa wa urefu wa mkono. Resini ilikuwa haigandi, na ilishapita siku nzima. Nikawaambia waongeze dawa, kwani si ndiyo inayogandisha? Wakaongeza mara mbili, tena kwa kukadiria kwa kizibo. Kiraka kikagonga mawe kwa juu, tukafurahi, boti ikashushwa bwawani. Wiki ya pili kiraka kiling'oka kipande kizima, wakiwa mbali na ufuko, watu wawili na nyavu. Walifika kwa kukumba maji kwa ndoo na kwa sababu siku ile hapakuwa na upepo. Nyavu walizitupa. Mkopo ulibaki palepale. Mzee mmoja wa kikundi aliniambia bila hasira, "Bwana shamba, ungetuambia hujui." Tangu hapo nimejifunza nilichokuwa sijui, na ndicho ninachokuandikia.

Dawa ya kugandisha ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Wakati wa baridi unasogea kwenye 20, lakini hupiti hapo. Ukizidisha, dawa iliyobaki haigandishi chochote, inakaa ndani ya kiraka na kukifanya kiwe cha kukatika. Pima kwa bomba la sindano la mililita 10, lile unalochomea ng'ombe, na ukishalitumia kwa kazi hii lisirudi zizini kamwe. Vaa miwani. Tone moja la dawa hii jichoni linaweza kukupofusha. Na kama umeuziwa kobalti kwenye chupa yake, usiikutanishe na dawa hii moja kwa moja, maana hulipuka. Kobalti iingie kwenye resini kwanza, ikorogwe vizuri, ndipo dawa ifuate.

Resini hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 25. Chini ya 15 inasuasua, na chini ya 10 usijisumbue. Alfajiri za Julai huku juu unazijua mwenyewe. Kumbuka pia kwamba kinachohesabika ni ubaridi wa boti kuliko wa hewa. Boti iliyolala nje ya nyumba hubaki baridi saa nyingi baada ya jua kutoka, na umande unakaa juu yake usiouona. Resini haishiki penye unyevu, kama vile huwezi kuziba ufa wa ndiva maji yakiwa bado yanapita. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya ubavu kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku nzima juani. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa boti, bado imeloa. Iache chini ya paa, tundu za hewa zikiwa wazi, hata kama ni mwezi.

Najua unachofikiria: jiko la mkaa ndani ya banda. Usifanye hivyo. Mvuke wa resini unashika moto, asetoni ya kusafishia ni mbaya zaidi, na mkaa katika banda lililofungwa unaua hata bila resini. Joto la salama ni la jua. Funika sehemu ya kazi kwa turubai jeusi tangu asubuhi, liondoe saa nne au saa tano, fanya kazi, na uwe umemaliza saa nane ili resini igande kabla ukungu haujashuka. Kopo la resini, likiwa limefungwa na kabla hujatia dawa, liweke ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Maji yachemshwe kwingine na moto uzimwe.

Njia bora kuliko zote ni ile isiyopendwa: iache boti huko chini. Kule tambarare mchana wa Julai una joto ambalo huku mlimani hulipati. Lipa mlinzi siku tano. Piga hesabu ya mlinzi na hesabu ya resini iliyoharibika, uone ipi ni kubwa.

Wengine wameniuliza kama wanaweza kuziba kwa kuyeyusha ndoo, kwa kuwa wamesikia habari za Flipflopi, lile jahazi la plastiki chakavu la mita 9 lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Jahazi lile ni kazi ya heshima, lakini fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza mbao za plastiki na kuzichonga kama miti. Hawakubandika ndoo juu ya faiba. Plastiki ya ndoo na resini ya poliesta havishikani.

Unapoziba, usijaze ufa tu. Saga kingo ziwe mteremko mrefu: ubavu ukiwa na unene wa milimita 5, mteremko uwe milimita 60 kila upande. Funika pua na mdomo, vumbi lile ni kioo. Kisha panga mkeka tabaka kwa tabaka, ukitoa hewa kwa brashi. Juu panaweza kubaki panatelezatelezа na kunata kidogo hata kama ndani pameganda, kwa hiyo kunata kusikutishe. Kiguse kwa kucha siku ya tatu: ukucha ukizama, hakijaganda, na hakuna dawa ya kuongeza juu. Kisubiri kwenye jua siku kadhaa zaidi, na kikiendelea kuwa laini, kikwangue chote na uanze upya. Kikiwa kigumu, kiache wiki nzima kabla ya kugusa maji, na safari ya kwanza iwe kandokando ya ufuko, na ndoo ya kukumbia maji iwemo.