Mlango Mmoja, Wapangaji Wawili

Naam, msomaji, ukiwa Tunduma saa nne asubuhi, vuka mpaka tu uingie Nakonde, utaambiwa ni saa tatu. Wenzetu wa Zambia wako nyuma kwa saa moja. Wabadilisha fedha na madereva wa malori wamekwisha zoea kubeba saa mbili kichwani. Kompyuta yangu ya nyumbani haikuzoea, na nusura initie wazimu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo IBM ilipotoa XT yake yenye diski ngumu mwaka 1983, kwa mtu wa kawaida huku ilikuwa hadithi ya ng'ambo. Lakini mpango wa diski ile ndio uliotufikia baadaye ndani ya mitumba: baiti 512 za mwanzo ni mlango. Baiti 446 ni za programu inayoamsha mfumo, 64 ni orodha ya vyumba vinne, 2 za mwisho ni muhuri. Vyumba vinne, mlango mmoja! Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Linus Torvalds alipotangaza Linux yake huko Finland, Agosti 1991, watu tayari walikuwa na DOS, na nani atafuta kazi zake kwa ajili ya mgeni? Ndipo Werner Almesberger akatengeneza LILO, bawabu wa kukaa mlangoni na kuuliza: leo tumwamshe nani? Bawabu huyu alikuwa wa kukariri. Alishika mahali kiini cha Linux kilipo kwenye diski, si jina lake. Ukibadilisha kiini bila kumjulisha, imekula kwako. Akikwama njiani unaona "LI" kwenye kioo, basi, kimya. GRUB, aliyoianza Erich Boleyn mwaka 1995, ilikuja na akili zaidi: inasoma mafaili yenyewe na kutafuta kwa jina.

Mwaka 2007, Songwe haijawa mkoa, sisi bado Mbeya, nilikuwa na Windows na Ubuntu kwenye mashine moja. Windows ikachoka, nikaipandisha upya. Kumbe ikipandishwa inaandika mlango wake bila kuuliza kama kuna mpangaji mwingine. Ubuntu ikatoweka pamoja na mswada wangu, sura saba. Fundi mmoja wa kitaa akaniambia, "Mshikaji, hapo ni kufomati tu."

Nilikataa, bwana. Kilichofutwa ni zile baiti 446. Vyumba vilikuwa vizima. Nikawasha kwa CD ya Ubuntu, zile zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta, nikaandika amri tatu za GRUB, menyu ikarudi. Sura zote zipo.

Kumbe bado saa. Linux kwa desturi yake huweka saa ya mashine kwa majira ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa, kwa hiyo kila nikihamia Windows narudi nyuma saa tatu. Mpaka wa Nakonde wenyewe ni saa moja tu! Nikaandika sura ya saba asubuhi kwenye Linux, nikaisahihisha mchana kwenye Windows, na nakala iliyosahihishwa ikaonekana ndiyo kuukuu. Nikafuta isiyopaswa kufutwa.

Dawa yake ni mstari mmoja wa kuiambia Linux ifuate saa ya hapa. Niliuandika jioni ileile, kisha nikaanza kusahihisha sura ya saba upya.