Mirathi ya Hatari (riwaya)

Riwaya ya C. G. Mung'ong'o, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake; hapo ndipo mauaji na kisasi vinapoanza.

Mandhari ni Njombe, lakini msomaji wa Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, hahitaji kufafanuliwa uchawi huo. Huko husimuliwa habari za ndondosha: mtu aliyekwishazikwa na kuliliwa, kumbe, yasemekana, mchawi anamlimisha shamba usiku.

Wapo wanaouchukulia uchawi wa kitabuni kama fumbo tu la ukale. Hoja hiyo ni dhaifu, maana ndani ya hadithi uchawi unaua kweli.

Nje ya hadithi, Sheria ya Uchawi ya Tanzania ya 1928 inamwadhibu hata anayemsingizia mwenzake uchawi.