Ukuzaji wa mwani kwa tishu

Ukuzaji wa mwani kwa tishu ni njia ya kuzalisha mbegu za mwani katika maabara kutokana na vipande vidogo vya mmea ulio hai, kama inavyofanyika kwa miche ya migomba na viazi mviringo. Katika Afrika ya Mashariki njia hii inahusu hasa aina mbili za mwani mwekundu: Kappaphycus alvarezii, ambao wakulima huuita kotonii, na Eucheuma denticulatum, unaoitwa spinosamu. Zote mbili hutoa karajinani, ute unaotumika kufanya vyakula, dawa za meno na vipodozi viwe vizito.

Sababu za kutumia tishu

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amefanya utafiti wa mwani kwa miaka mingi. Baadaye kilimo kilienea hadi mkoa wa Tanga na pwani ya kusini ya Kenya.

Mbegu ya mwani si punje, bali ni kipande cha tawi kinachofungwa kwenye kamba kwa taitai. Baada ya wiki sita hivi mkulima huvuna, kisha hukata sehemu ya mavuno na kuipanda tena. Kwa hiyo mwani mwingi wa mashambani ni mmea uleule uliokatwakatwa kwa miongo kadhaa. Nguvu zake hupungua, na ugonjwa ukiingia hauchagui. Kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ndio ulioathirika kuliko spinosamu. Sehemu nyingi za Zanzibar hauoti tena vizuri, na wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, wamebaki na spinosamu wa bei ndogo.

Katika maabara

Ncha changa zenye urefu wa milimita chache husafishwa ili kuondoa bakteria na viumbe vinavyoparamia mwani, kisha huwekwa katika maji ya bahari yaliyochemshwa na kuongezwa virutubisho. Joto hushikiliwa kwenye nyuzi 23 hadi 25 za Selsiasi, na taa isiyo kali huwashwa kwa saa 12 kwa siku. Maji hupulizwa hewa ili yasituame, kwa sababu mwani hauna mizizi na hufyonza chakula kwa mwili wote. Machipukizi yakikomaa huhamishiwa kwenye matangi, kisha kwenye vitalu vya baharini vilivyozungushiwa nyavu, maana samaki kama tasi hupenda sana mwani mchanga.

Hali ya mazingira baharini

Mmea uliolelewa katika joto lisilobadilika hukutana na bahari isiyo na huruma. Katika maji mafupi, maji yanapokupwa wakati wa bamvua, jua huyapasha moto upesi, hasa msimu wa kaskazi. Joto likifika nyuzi 33 hadi 35, au chumvi ikishuka hadi gramu 20 kwa lita, wakati bahari ya kawaida ina takriban 35, kotonii hupata ugonjwa wa aisi-aisi: matawi hugeuka meupe kama barafu, hulainika na kukatika. Bakteria humalizia kazi hiyo, lakini mara nyingi mazingira ndiyo huanza kuudhoofisha mmea.

Kwa pwani ya Tanga, chumvi na uangavu wa maji hutegemea pia milima ya Usambara. Mto Umba huanzia Usambara Magharibi na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Zigi hutoka Amani, Usambara Mashariki. Luengera huungana na Pangani. Wakati wa masika mito hii hupunguza chumvi karibu na midomo yake na kuleta udongo unaofunika mwani na kuuzibia mwanga. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, ulihimiza kupanda miti na majani ya guatemala kwenye kontua ili kuokoa mashamba ya mlimani. Mkulima wa mwani hakufikiriwa, ingawa udongo unaobaki mlimani haumfikii.

Mipaka ya njia hii

Mbegu ya tishu ni safi na hukua haraka, lakini ina urithi uleule wa mmea mama; haipati uwezo wa kustahimili joto kwa kupita katika chupa tu. Njia nyingine ni kuhamia maji ya kina kirefu, yenye joto la wastani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar imejaribu huko kilimo cha nyavu za mirija. Hata hivyo kazi hiyo hudai chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa pwani hawakupewa nafasi ya kuyapata. Jamaa za kotonii na spinosamu humea pia zenyewe katika bahari ya Afrika ya Mashariki, na tishu zao zinaweza kuoteshwa kwa njia hiihii.