Sampuli na cheti cha maabara katika kesi za chakula chenye sumu: mpaka wa Busia na Malaba

Mahindi ya Buteba na sehemu nyingine za wilaya ya Busia, Uganda, huingia Kenya kupitia Busia au Malaba. Afisa akiyatilia shaka, shehena inaweza kuzuiwa, au mwenye mali akashtakiwa. Haya ni mambo mawili tofauti, na ushahidi unaohitajika si sawa.

Kiwango

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka sumukuvu (aflatoksini) kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye iliyaruhusu tena kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango.

Kuzuiwa na kushtakiwa

Kuzuia mzigo ni uamuzi wa kiutawala, na kipimo cha haraka cha mpakani kinaweza kutosha kuusimamisha. Mashtaka ni jambo zito zaidi. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali ya Kenya, Sura ya 254, kinafanya kuuza chakula chenye sumu, kisichofaa kuliwa au kilichoghushiwa kuwa kosa la jinai. Kwa kesi ya jinai, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha.

Sampuli

Sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache zinaweza kuharibu kipimo cha gunia zima, na gunia la jirani likawa safi. Bambo likichomwa kwenye magunia mawili ya juu tu, matokeo hayasemi mengi kuhusu lori zima. Sampuli nzuri hutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha huchanganywa, husagwa na kugawanywa. Kila fungu hufungwa kwa lakiri na kuandikwa namba, tarehe na jina la aliyechukua. Mfuko wa nailoni wenye mahindi mabichi huzidisha ukungu njiani.

Tangu hapo kila aliyeishika sampuli aandikwe. Pengo katika mlolongo huo humpa wakili wa utetezi swali la haki: je, kilichopimwa ndicho kilichotoka kwenye lori hili?

Cheti

Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu ripoti ya mkemia wa serikali kutumika mahakamani bila yeye kufika. Lakini mahakama inaweza kumwita ahojiwe. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa haki ya kuupinga ushahidi. Nchini Uganda, Ibara ya 28 inamhesabu hana hatia hadi ithibitike.

Mambo ya kuzingatia

- Mara nyingi dereva ndiye anayetia saini fomu ya sampuli. Aisome kwanza, na mwenye mali apigiwe simu.
- Aandike magunia mangapi yamechomwa, namba ya lakiri na saa.
- Aombe fungu moja la sampuli lihifadhiwe kwa kipimo cha pili.
- Stakabadhi za ununuzi na cheti cha kabla ya kupakia zitunzwe pamoja. Cheti hicho kinaonyesha hali ya siku ile tu: mahindi yakilowa kwenye foleni, ukungu huanza upya.